Nilivyotawadha Nyumbani kwa Mungu wa Bahari

Jumapili, tarehe 9 Novemba. Asubuhi mvua nyepesi, saa sita jua la kuchoma shingo, alasiri mawingu yakarudi juu ya Nyakabanda kama mgeni aliyesahau mwavuli.

Leo kamati ya akina mama wa msikiti imeketi kuamua kama nitaendelea kuwafundisha wasichana kusoma Kurani, kazi niliyoifanya tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sababu ni picha moja. Katika picha hiyo nimesimama Japani, mbele ya nyumba ya mungu wa bahari, kichwa chini. Nitaandika yote, yanayonisaidia na yanayoniumiza. Nikiandika yanayonisaidia tu, hili litakuwa ombi la kazi, si daftari.

Lakini siwezi kuanzia Japani. Lazima nianzie kwenye kopo.

Nyinyi mliokua wakati wangu mnalijua kopo ninalolisema, lile la maziwa ya unga, lililokwisha maziwa kabla hatujazaliwa. Tulipokuwa wadogo hapa hapa Nyakabanda, Kigali, maji hayakutoka ukutani. Maji yalikaa bondeni na sisi tulikaa juu, na kati yetu palikuwa na njia ya udongo mwekundu inayoteleza kama sabuni. Ulishuka na dumu tupu ukiimba, ukapanda na dumu limejaa ukilia, kizibo chake kipande cha mgomba, na nusu ya maji inakuingia shingoni. Ndiyo maana bibi yetu mzaa baba, Bibi Mariamu, alitufundisha kutawadha kwa kopo moja tu. Mikono, mdomo, pua, uso, mikono mpaka viwiko, kichwa, masikio, miguu, na lazima yabaki kidogo ya kumwagilia mche wake wa pilipili. Aliyemaliza maji kabla ya kufika miguuni alirudishwa bondeni. Mimi nilirudishwa mara nyingi, siwezi kuficha. "Miguu, wewe mtoto," alikuwa akisema, "miguu ndiyo imekuleta hapa, usiisahau kama mtumishi."

Mafunzo yale yaliingia sana. Mpaka leo nikiona maji mbele ya mlango, mikono yangu huanza yenyewe na akili hufuata baadaye. Wakati wa ile korona, walipoweka bomba la kunawa mbele ya kila duka Kigali, mara mbili nilijikuta nimevua viatu mlangoni kwa muuza simu.

Watoto wa leo wanatawadha kwa bomba lililofunguliwa mpaka mwisho, jicho moja kwenye simu. Maji yanayopita hapo yanatosha kumwogesha ng'ombe. Sisemi ni watoto wabaya. Nasema ng'ombe angefurahi.

Jambo la pili mjue kuhusu utoto wangu: sisi tuliitwa watu wa pwani. Babu wa babu yangu alipanda huku na nguo na chumvi za biashara, akaoa, akabaki. Kuanzia hapo hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeiona bahari tena, lakini jina liliganda. Shuleni mwalimu wa jiografia akifika kwenye bahari alikuwa ananyoosha fimbo kwangu. "Wewe Mswahili, simama uwaeleze wenzako bahari." Nami nilisimama. Nikasema ni kama mto Nyabarongo lakini haina ng'ambo, na asubuhi inachemka. Darasa likanipigia makofi. Niliishia darasa la sita na sina uhakika kama yako mengine niliyofaulu kama yale.

Uongo huo ulinipa kazi. Watoto wa mtaa wakadai waione. Tukachimba shimo nyuma ya migomba, mvua ikalijaza, nami nikaiba chumvi ya nyumbani nikaimwaga yote. Tukaweka mitumbwi ya maganda ya mgomba na abiria mende. Kila aliyetaka kuonja bahari alitakiwa kwanza anisalimie kwa heshima, "Shikamoo Bibi Bahari." Ulikuwa utawala mzuri, ukadumu mpaka saa ya kupika. Mama alipofunua chombo cha chumvi akakuta kitupu, alinifuata na kandambili mkononi. "Chumvi ya nyumba nzima umewapa vyura?" Vyura wenyewe walikuwa wameshahama.

Tulikuwa tisa kwenye shimo lile. Leo tukiitana tunakuja wawili. Wa rika langu hamhitaji niwaeleze.

Sasa Japani. Binti yangu Zaituni alikwenda huko kusoma, akaolewa na kijana anaitwa Kenta. Kenta alisilimu mbele yetu kwa simu ya video, akapewa jina la Karim. Moyoni mwake sijui mkoje, lakini hata moyo wangu mwenyewe kuna siku siupati. Mwaka huu Zaituni akapata mtoto wa kike, wa kwanza, na uzazi wa kwanza unataka mama awepo. Nikaenda kukaa naye arobaini yake.

Mji wao ni mji wa wavuvi. Ndipo nilipoiona bahari, nikiwa mtu mzima mwenye miwani. Haichemki. Nilimwomba msamaha yule mwalimu kimoyomoyo. Lakini ng'ambo kweli haina, hapo sikukosea.

Siku ya saba tulimpa mtoto jina la Amina kwa utaratibu wetu. Upande wao walimwita Mio, na mtoto akaitikia yote mawili kwa kilio kimoja. Mwezi ulipotimia, mkwe wangu Fumiko, mama yake Kenta, mjane anayeuza samaki wakavu, alivaa kimono cha rangi ya majivu akatuarifu kwamba leo mtoto anakwenda kusalimia. Desturi yao ni kwamba bibi mzaa baba ndiye anayembeba mtoto mpaka nyumbani kwa mungu wa bahari, ambaye wavuvi wa ukoo wao wamemwaga chumvi mbele yake miaka na miaka. Na mama wa mtoto hasogei, anangoja nje ya lango, kwa sababu mwili wake bado ni wa uzazi. Zaituni aliponitafsiria hilo nilicheka. Nimepanda ndege tatu kuzikimbia arobaini za Nyakabanda, zimenitangulia.

"Mama, si lazima uingie," Zaituni akasema. "Ungoje hapa na mimi."

Nilikuwa na sababu tatu za kuingia. Ya kwanza, mjukuu wangu asiwe peke yake kwa wageni. Ya pili, adabu kwa mkwe. Ya tatu ni kutaka kuona. Naziandika kwa mpangilio huo, ila kwa ukubwa ya tatu ndiyo ya kwanza.

Tukapita chini ya lango la mbao jekundu lisilo na mlango, tukapanda ngazi za mawe. Na kabla hujafika kwenye nyumba yenyewe, kando ya njia, pana birika la jiwe lenye maji yanayotiririka, na juu yake kata za mianzi zimepangwa. Watu wamepanga foleni. Mtu anachota, anamimina mkono huu, anamimina mkono ule, anasukutua mdomo, anaweka kata, anaondoka. Kazi ya dakika moja. Nilitazama vizuri. Niliahidi moyoni kufanya vile vile tu, kwa usafi, kama mtu anavyonawa kabla ya kula.

Zamu yangu ikafika, nikashika kata. Bismillahi ikatoka yenyewe. Mikono. Mdomo. Nikasikia pua yangu inapiga kelele kwenye ukimya ule. Uso. Viwiko. Akili iliponifikia nilikuwa nimesukuma mtandio nyuma ya masikio, viatu vimevuliwa, mguu wa kulia unadondosha maji, wa kushoto mkavu. Nyuma yangu foleni imesimama kimya. Wajapani wakishangaa hawasemi, na hiyo ndiyo mbaya. Msichana mdogo akainama kuvua viatu vyake naye, mama yake akamkamata bega.

Nikawa sijui nifanyeje. Nikiacha, udhu umebaki na mguu mmoja, na Bibi Mariamu ananiona. Nikimaliza, nimeyafanya maji ya watu kuwa bafu. Kenta alikuwa mwekundu kuliko lango.

Ndipo Fumiko akamkabidhi mwanawe mtoto. Akakaa kwenye jiwe na kimono chake, akavua soksi zake nyeupe, zile zenye kidole gumba peke yake, moja, ya pili. Akachota maji akamimina miguuni taratibu, kulia, kushoto. Akavaa soksi juu ya miguu iliyolowa. Akasimama, akaitazama foleni yote kama mtu anayeuliza, nani ana swali? Hakuna aliyekuwa na swali. Mimi nikamaliza mguu wangu wa kushoto.

Tulisimama mbele ya mlango ulio wazi. Ndani hakuna sanamu. Pana meza yenye mchele, chumvi, na samaki mwekundu mkubwa ambaye hajapikwa, na kwa mbali kioo cha duara. Mzee mwenye joho jeupe akapunga fimbo yenye karatasi juu yetu, ngoma ikapigwa, vichwa vyote vikashuka. Changu pia. Baba alitufundisha hivyo tulipokuwa tunakwenda kwenye mazishi ya majirani Wakatoliki: "Wenzako wakiomba, tuliza kichwa, usiangalie angalia kama mbuzi." Nilimwomba Mungu wangu wa siku zote amlinde mtoto. Kisha nikawaza yule samaki ataliwa na nani. Hayo mawili sina wasiwasi nayo sana.

La tatu ndilo linalonisumbua. Kenta alikuwa amenionyesha jiwe lenye majina ya wavuvi ambao hawakurudi. Ngoma ilipopigwa mara ya pili niliisikia bahari pale chini, nikaiambia, si mungu wao, bahari yenyewe: "Huyu mwache." Sijui kama kusema na bahari ni kuomba. Mama yangu alisema na mbuzi wake kila siku na hakuna aliyemwita mshirikina. Lakini bahari si mbuzi.

Zaituni, huko langoni, akapiga picha. Simu za siku hizi zinaona mbali kuliko wenye nazo. Akaiweka kwa marafiki zake na maneno ya kuchekesha chini yake. Enzi zetu habari ya aibu ilikuwa na adabu, ilipanda kilima kwa miguu na ilipofika ilikuwa imechoka. Hii ilinitangulia Kigali. Wiki niliyorudi, pale Kimironko sokoni, mwanamke anayeuza vitenge ambaye simjui hata jina alinipimia mita tatu akaniuliza, "Mama, ni wewe wa kwenye picha?"

Basi leo baada ya adhuhuri nikaitwa. Chumba cha nyuma cha msikiti, mkeka, chupa ya chai ya tangawizi. Mwenyekiti ni Hajati Sauda, tuliyekua naye mtaa mmoja. Pembeni Mama Shemsa, fundi cherehani, ambaye hakosi neno. Na katibu wao, Nadia, msichana mwenye kompyuta.

"Mama Zaituni," Hajati akaanza, "hatukukuita kukuhukumu." Kisha akamgeukia Nadia. "Andika tarehe, halafu chini yake andika: hukumu."

Wakaniuliza kama niliinama.

"Niliinamisha kichwa."

"Si rukuu?"

"Si rukuu, Hajati. Hivi." Nikawaonyesha. Nadia akaandika kwamba nimeonyesha.

"Na hiyo sanamu yao ikoje?" Mama Shemsa akauliza, amesogea karibu.

"Hakuna sanamu. Iko kioo tu."

"Kioo? Basi ulijiinamia mwenyewe."

Wote tukacheka, hata mimi. Hajati akanyamaza kwanza. "Hiyo ni mbaya zaidi. Iandike."

Nikawaeleza na habari ya birika, kwa kuwa hawakuijua na si haki waamue bila kuijua. Mama Shemsa akauliza polepole, "Udhu wenyewe ulikamilika?"

"Ulikamilika. Na miguu."

"Angalau basi."

Sasa niandike na hili. Katika simu yangu iko picha nyingine. Mwezi uliopita jirani yetu Mkristo aliozesha binti yake kanisani Gikondo, tukaenda wote, na padri alipobariki, Hajati Sauda yuko mstari wa mbele, kichwa chini, mkono kifuani. Ukiziweka picha mbili pamoja utasema tumefundishwa na mtu mmoja. Na ni kweli, baba yangu alitupeleka mimi na yeye kwenye mazishi yale yale. Simu ilikuwa kwenye mkoba, mkoba uko mapajani, na mkono wangu uliingia humo mara mbili. Sikuitoa. Hajati alikwenda pale kwa jirani wa miaka yote, na yule bibi harusi hakunipa picha yake iwe ushahidi. Tena inawezekana Hajati alisinzia. Labda pia niliogopa. Naandika yote.

Halafu Hajati akanifanyia wema, na lazima niuseme kuwa ni wema. Alishusha sauti. "Dada, kwenye picha inaonekana kama ulikuwa unaokota kitu. Kiatu cha mtoto, sijui. Sema tu ulikuwa unaokota kitu, Nadia aandike, tunywe chai, na wiki ijayo wasichana wako wanakungoja kama kawaida."

Nadia akaweka vidole tayari. Mama Shemsa akanikonyeza. Niliwaona wasichana wangu kumi na wanne mmoja mmoja, wa kwanza mpaka yule anayesoma na kidole puani. Nilitaka sana. Mdomo ulifunguka kabisa.

"Sikuwa naokota kitu, Hajati."

"Rwose, kweli kabisa, wewe mwanamke," Mama Shemsa akasema.

Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikawaambia na yale niliyosema na bahari. Sijui ni ukweli au ni ujinga, mara nyingi kwangu vinakuja pamoja.

Wakaamua nipumzike kufundisha mpaka shehe atakaporudi safari atoe neno. Hawakukosea. Mwalimu mwenye mashaka hivi, mimi mwenyewe ningemuuliza maswali. Nilipouliza watoto watasoma na nani, Nadia alifurahi kuulizwa.

"Iko programu kwenye simu, Bibi Mwalimu. Mtoto akikosea inatoa rangi nyekundu."

Mwalimu wetu sisi alitoa rangi nyekundu pia, ila ilitokea kwenye viganja.

Hukumu ikafungwa, chai ikamiminwa, na pale pale wakadai picha za mtoto. Zikazunguka mkeka mara tatu. Mama Shemsa akasema pua ni ya kwetu, macho wagawane. Wakataka kuona bahari. Wakaitazama muda mrefu, wanawake wa pwani wote wale ambao hakuna aliyefika pwani. Tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni Hajati aliniegemea.

"Ni kweli ina chumvi?"

"Ina chumvi, Hajati. Mpaka kwenye nyusi."

Akatikisa kichwa taratibu, akaenda zake.

Alasiri nilikuwa jikoni namenya viazi ili nisikae bure, wasichana sita wakaingia uani, mitandio imelowa jasho la kilima. Mkubwa wao Rehema.

"Bibi Mwalimu, tumekuja kukusalimia."

"Na hivyo vitabu kwapani?"

"Navyo vimekuja kusalimia."

Niliwauliza habari ya programu. Rehema akasema Nadia aliwajaribisha pale pale msikitini, ikasema wamekosea wote sita. Nadia akasoma mwenyewe kuwaonyesha, ikamtolea nyekundu naye.

Nikawaambia wazi kwamba nimekatazwa kufundisha, na sitafundisha. Wakasema hawakuja kufundishwa, watakaa tu wasome, mimi niendelee na mapishi yangu. Wakatandika mkeka karibu na mlango wa jiko. Nikawapa mgongo kabisa. Rehema akaanza. Alisoma vizuri mpaka mstari wa tatu, akavuta pale pasipovutwa, na mwiko wangu ukagonga ukingo wa sufuria. Kweli sijui nani aliutuma. Rehema akanyamaza, akarudi nyuma, akasoma tena, ikakaa sawa. Akaja wa pili. Mwiko ukagonga. Mpaka magharibi inaadhiniwa, sufuria imegongwa mara kumi na moja na mimi sijageuka hata mara moja.

Sisi tulipokuwa wadogo tulitafuta kila hila ya kukimbia chuo cha Kurani. Tulijificha kwenye mahindi, tulijipaka majivu usoni tuonekane wagonjwa. Hatukuwahi, hata siku moja, kupanda kilima kumfuata mwalimu aliyekatazwa. Nimewasema sana watoto wa leo katika daftari hili, na ukurasa huu nao lazima ubaki humu. Kesho asubuhi nitakwenda kwa Hajati nimweleze habari ya mwiko kwa mdomo wangu, kabla mtu hajaipiga picha. Akiniambia kugonga sufuria ni kufundisha, sina ubishi. Akinikataza kupika, hapo tutazungumza.

Jioni tulikula viazi na maharage, na mchicha wa kukaanga kidogo kwa kitunguu. Wasichana walibaki kula, kwa hiyo viazi havikutosha, tukaongeza chai na mkate.